Anayeruka na Anayefaidi

Unguja haina maporomoko makubwa ya maji, lakini jioni pale Forodhani wapo vijana wa makachu, ambao hukimbia, wakapinduka hewani na kutumbukia baharini huku simu za watalii zikiwaelekea. Ninapowatazama humkumbuka Annie Edson Taylor, mwalimu wa Kimarekani aliyejifungia ndani ya pipa tarehe 24 Oktoba 1901, siku aliyotimiza miaka 63, akaporomoka Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, na kuwa wa kwanza kutoka hai humo.

Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mjane aliyeogopa kuzeeka katika ufukara, akatumaini kwamba umaarufu ungemlipa. Badala yake meneja wake alitoroka na pipa, akiba yake ikaliwa na gharama za kulisaka, naye akafariki mwaka 1921 akiwa maskini, baada ya miaka ya kuwauzia watalii picha zake. Faida ya Niagara tangu zamani ilikuwa ya wengine: mwaka 1827 wenye hoteli walipakia wanyama katika jahazi kuukuu na kuliachia maporomokoni, ili watu waje kutazama.

Na kifo cha huko hakichagui kosa. Maporomoko ya upande wa Kanada yana kimo cha mita 57 hivi, na chini yake maji yamejaa hewa kiasi kwamba hayambebi mwogeleaji inavyopasa. Charles Stephens, kinyozi wa Bristol, alijifunga fuawe miguuni mwaka 1920 ili pipa lisimame wima. Kishindo kilimpeleka na fuawe lake, ukapatikana mkono tu. Miaka kumi baadaye pipa la George Stathakis lilihimili mporomoko, lakini likanaswa nyuma ya maji kwa saa nyingi hata akakosa pumzi. (Kobe aliyemchukua alinusurika.) Kirk Jones, aliyeporomoka bila kifaa chochote mwaka 2003 akapona, alirudia mwaka 2017, akafa.

Siku hizi anayejaribu Niagara hutozwa faini. Sheria hiyo naielewa, ila inamwandama mrukaji peke yake, na kwetu sioni kwamba marufuku ingefaa, kwa sababu makachu ni furaha ya vijana kabla ya kuwa kivutio. Hatari ya Forodhani inajulikana: maji yanapokupwa, hasa nyakati za bamvua, kina hupungua sana, na anayetangulia kwa kichwa huweza kuvunjika shingo. Wanaowapeleka wageni pale, pamoja na wanaotangaza utalii kwa picha za vijana hao, wanapaswa kugharamia mwokoaji aliyefunzwa, alama ya kina ukutani na matibabu ya anayeumia. Sarafu anazotupiwa mrukaji hazitoshi hata kulipia picha ya eksirei.