Wanyama Watano Wanamtosha Bibi wa Sihiri

Riwaya ya fantasia kuhusu mwanamke mwenye sihiri, anayeishi peke yake na wanyama wa ajabu, huharibika upesi wanyama wanapozidi. Joka, simba mwenye mabawa, ndege msemaji, nyoka wa vichwa saba na wengine tele, na sura ya tatu haijaisha! Msomaji hamkumbuki yeyote. Kwa maoni yangu watano ndio mwisho, na kabla mnyama hajaingia hadithini, mwandishi ajue anakula nini, anataka nini, na amri gani hataitii. Hiyo amri ndiyo yenye kisa. Mnyama anayetii kila neno ni pambo tu.

Aliyeko Mombasa hana haja ya kuazima farasi mwenye pembe moja. Avuke Likoni, apande hadi Shimba Hills, amtazame palahala, swala mkubwa ambaye porini Kenya hapatikani kwingine. Dume ni jeusi, tumbo jeupe, na pembe zilizopinda kurudi nyuma zinaweza kupita mita 1. Mpe sihiri moja: haonekani na mtu aliyesema uongo siku hiyo. Basi. Ukimwongezea mabawa umemharibu.

Shaaban Robert hakuhitaji moto wala makucha. Katika Adili na Nduguze (1952), manyani wawili wanatisha kwa sababu ni ndugu wa Adili, naye analazimika kuwachapa kila usiku.

Sasa lugha, maana hapa ndipo wengi huzama. Sisi watu wa pwani tumekulia kwenye tenzi, mizani minane, yaani silabi nane kwa kila kipande, iko masikioni, nayo hujipenyeza kwenye nathari bila hodi:

Chui katoka gizani, akanusa mlangoni, bibi asimtazame.

Hesabu: nane, nane, nane. Mara moja inapendeza. Ukurasa mzima ukienda hivyo, msomaji anaanza kuimba na kusahau kwamba chui yuko mlangoni. Vunja kipande cha tatu: "Chui katoka gizani, akanusa mlangoni. Bibi alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa." Hofu imerudi, tena tumemjua bibi.

Upatanisho wa ngeli nao ni chombo, ingawa wahariri wengine watakupigia kelele. Joka linaweza kuwa "limetoka pangoni" sura nzima, kisha siku linapokataa amri likawa "amekataa". Usieleze; msomaji atahisi. Lakini ukichanganya li- na a- ovyo tangu mwanzo, badiliko hilo litaonekana kosa la chapa. Na wanyama wasiseme Kiswahili kimoja. Kobe mzee aseme Kimvita, lahaja ya Mombasa, "ndoo" na "mato". Ndege mchanga aseme "njoo" na "macho".

Upweke wa bibi usiuandike kwa machozi na mbalamwezi. Uliza nani humletea chumvi. Mlimani anapata maji, kuni na mboga, lakini chumvi na kitambaa vinatoka kwa watu, na anayevileta ana bei yake. Huyo ndiye mhusika wa pili wa riwaya, aingie kabla ya sura ya nne. Akiwa kijana mzuri aliyekuja kumpenda tu, wanyama wote watano watakosa kazi, na mswada utakufa katikati.