Thanksgiving ya Ohio, Idi ya Tanga

Alhamisi ya nne ya Novemba, ghorofa yetu yote hapa Columbus, Ohio, Marekani, hunukia siagi na vitunguu. Ni Thanksgiving, sikukuu yao ya kutoa shukrani, na kwa maoni yangu ndiyo siku ambayo Wamarekani wanapika kama sisi. Watu wanaoishi kwa mkate wa duka mwaka mzima, siku hiyo wanakanda unga wa pai kwa mikono yao. Bata mzinga wa kilo 7 anahamishiwa kwenye jokofu tangu Jumapili ili barafu imtoke taratibu, maana akiachwa nje, juu ataanza kuharibika na ndani bado ni jiwe.

Vyakula vyenyewe sitavisifu vyote. Kidari cha bata mzinga ni kikavu, ndiyo maana kinamwagiwa mchuzi mzito. Viazi vitamu wanavioka na sukari, halafu juu wanapanga pipi nyeupe laini mpaka zigeuke rangi ya kahawia. Mtu aliyekulia viazi vya futari, vya tui zito na chumvi, hapo lazima aombe maji. Ila kwa pai ya boga nimesalimu amri: boga la kopo, mayai, maziwa mazito, mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Ikiwa ndani ya oveni, ukifumba macho uko sokoni Darajani, Unguja.

Lakini kilichonifanya niandike ni kazi, si ladha. Ukialikwa huku unaambiwa mapema ulete nini: wewe saladi, yule mikate, fulani pai. Nilipomsimulia mama kwa simu aliguna: "Kwani hao hawana chakula?" Kwetu kumwagiza mgeni chakula ni aibu ya mwenyeji.

Haya, tuitazame Idi yetu. Mama na mashangazi wamekesha na vileja na visheti. Alfajiri pilau iko motoni, mkate wa kumimina umepaliwa makaa juu na chini. Wanaume wanarudi kuswali wanakuta sinia limeshapangwa. Waliopika wanakula mwisho, ukoko na mchuzi uliobaki, tena wengine wamesimama. Huo tunauita ukarimu, na jasho ni la watu walewale kila mwaka. (Huku nako wamo: mume anakata bata mezani anapigiwa makofi, kumbe aliyehangaika naye tangu asubuhi ni mkewe.)

Wanachonishangaza ni jirani. Kinachobaki wanagawana wageni kwenye vibakuli, au kinakuwa sandwichi hadi Jumapili, na wa mlango wa pili hajui hata mlipika nini. Nyumbani watoto hawamalizi kuzunguka na sahani zilizofunikwa kawa, na sahani hairudi tupu. Mwaka jana nilimpelekea jirani yangu mkate wa kumimina. Baada ya wiki sahani ikarudi: imeoshwa inang'aa, tupu, na kadi ya shukrani juu yake!

Kwa hiyo sahani ya jirani siiachi, ila zamu ya jikoni nawaiga. Idi ijayo, nikijaaliwa kuwa Tanga, kaka zangu nimeshawapangia kwenye kundi la familia la WhatsApp: mmoja kuku, mwingine pilau, kuanzia kuchambua mchele. Mkubwa amejibu kwa vikatuni vya kicheko mstari mzima. Pilau ni yake hata hivyo.