Miaka minane ya "labda": namtetea Zadie Smith

Wapo wanaosema Zadie Smith, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, anaandika vichekesho tu, mi nabisha. Kwenye riwaya yake White Teeth kuna mama mmoja anaitwa Alsana, na mi naamini kabisa yeye ndio roho ya kile kitabu, japo watu wakikiongelea wanaanza na wanaume. Mumewe, Samad Iqbal, Mbangladeshi anayehudumia meza kwenye mgahawa wa London, kamchukua mmoja wa mapacha wao, Magid, ana miaka 9 tu, kampandisha ndege kwenda Bangladesh akalelewe kwa maadili ya dini na ya kwao, mama mtu hana habari. Sasa Alsana ni mwanamke ambaye ngumi haziogopi, na Samad anazijua vizuri ngumi zake, lakini safari hii adhabu aliyochagua ni nyingine. Kuanzia siku ile hamjibu mumewe ndio wala hapana. Samad akiuliza kitu chochote, hata kitu kidogo cha pale pale nyumbani, jibu ni labda ndio, labda sio. Miaka minane hivyo, mpaka mtoto wake arudi!

Mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikanyamaza, maana nilielewa anachofanya. Yeye kila usiku analala hajui mwanae yuko hai au mafuriko yamemchukua, kala au hajala, analia au ameshazoea, basi na mumewe aonje hiyo hiyo, aishi ndani ya nyumba ambayo hakuna jambo lina uhakika. Yaani uchungu wote wa mama aliyenyang'anywa mtoto umewekwa ndani ya neno moja la kuchekesha, labda, na hakuna hata kurasa moja ya maombolezo. Ndio maana mtu akiniambia Zadie Smith anaandika vichekesho tu namwambia rudi kasome tena.

Na Samad mwenyewe hajaandikwa kama shetani, hilo ndilo linaniuma. Alikuwa kijana msomi, akapigana Vita vya Pili vya Dunia ndani ya kifaru pamoja na Archie Jones, Mwingereza ambaye ndio rafiki yake wa kufa na kuzikana, mkono wake mmoja ukaharibika, leo anabeba sahani kwenye mgahawa wa binamu yake na anatamani angevaa bango kifuani limweleze kila mteja kuwa yeye si mhudumu, alikuwa mwanafunzi, alikuwa askari, ana mke, ana watoto. Halafu anamtamani mwalimu wa muziki wa wanae, anaingia naye kwenye uhusiano, hatia inamla. Badala ya kujirekebisha yeye anaamua kurekebisha watoto. Baba kakosa, anayesafirishwa ni mtoto! Na hela inatosha tiketi ya mmoja tu, kwa hiyo inabidi achague, na hapo kwenye kuchagua Smith hakuharakishi, unakaa na huyu baba anabadilisha mawazo leo huyu kesho yule kama mtu anayechagua tochi dukani, na hawa ni watoto wake wa kuwazaa.

Sisi tunao ule msemo, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Samad angeusikia angeuandika ukutani. Ila kilichotokea ni kwamba Magid aliyepelekwa kwao akawe Muislamu safi anarudi Mwingereza kuliko Waingereza, suti nyeupe, dini hana habari nayo, anataka uwakili na sayansi. Millat aliyebaki London, mtoto wa bangi na wasichana na sinema za majambazi, ndiye anayeishia kwenye kikundi cha dini chenye msimamo mkali, ambacho herufi za kwanza za jina lake ukiziunganisha unapata KEVIN, jina la kawaida kabisa la kijana wa Kiingereza. Samad analia kwamba aliyempeleka kwao karudi Mwingereza mtupu, na aliyebaki naye kawa mtu wa msimamo mkali. Mi nasema msemo wetu sio wa uongo, ila mtoto analelewa na vingi, analelewa na mtaa, na runinga, na pengo la ndugu yake kitandani, na baba anaona mkono wake tu.

Kuna kipande kingine cha Alsana sitakisahau. Mwaka 1989, wakati wa ile ghadhabu juu ya kitabu cha Salman Rushdie, The Satanic Verses, ambacho Waislamu wengi walisema kinaitukana dini yao, Millat anaenda na wenzake Bradford kwenye maandamano na mama yake anamuona kwenye habari, mwanae kwenye kundi linalochoma kitabu ambacho hajakisoma. Anaporudi nyumbani anakuta moto bustanini na ndani yake ndio vitu vyake vyote alivyokuwa anavipenda, kanda, viatu, picha za ukutani, na mama kasimama pembeni. Kauli ya mama ni kwamba ama kila kitu ni kitakatifu, ama hakuna kilicho kitakatifu. Hapo kamaliza, na mi kama msomaji nachekelea huku namuonea huruma mtoto na naogopa kidogo.

Mkosoaji James Wood aliandika mwaka 2000 kwamba riwaya za aina hii zina fujo na matukio mengi kupita kiasi, zinajua mambo elfu lakini binadamu mmoja hazimjui. Smith mwenyewe baadaye alikubali kwamba kwa White Teeth maneno yale yaligusa penyewe, na namheshimu kwa hilo, alikuwa na miaka 24 tu kitabu kilipotoka. Lakini mi sikubaliani na Wood na sikubaliani na mwandishi mwenyewe pia. Kweli mwishoni matukio yanarundikana, panya wa maabara, maandamano, mashahidi wa Yehova, wote sehemu moja usiku mmoja, nakubali pale panachosha. Ila huwezi kuniambia aliyeandika ile labda ya Alsana hamjui binadamu.

Na kucheka kwake kuna asili. Alishaandika kuhusu marehemu baba yake, Harvey Smith, jinsi alivyopenda vichekesho, na jinsi vipindi vile vilivyowaunganisha baba na binti hata mzee alipokuwa mgonjwa kwenye nyumba ya wazee. Mdogo wake Ben akawa mchekeshaji wa jukwaani kabisa. Ukilijua hilo, ukisoma On Beauty ya 2005 pale Howard, profesa, anapomtembelea baba yake mstaafu wa buchani London baada ya miaka wasionane, runinga inaongea kuliko wao na ziara inaharibika muda si mrefu, unaona huyu dada anajua chumba kile kinavyokuwa.

Mtoto wa mjomba wangu aliletwa Tanga kutoka Uingereza akiwa na miaka 10, akalelewe na bibi ili asiharibike. Hakuambiwa anakuja kuishi, aliambiwa likizo, na nakumbuka begi lake lilikaa limefungwa miezi karibu na mlango maana alikuwa anasubiri kurudi, bibi akilisogeza yeye analirudisha pale pale. Sasa hivi ni mtu mzima ana watoto wake. Mwaka jana nikampa hiki kitabu bila kumwambia kinahusu nini, alifika pale Magid anapopelekwa uwanja wa ndege akakiweka chini, akanitumia ujumbe wa sauti usiku, anaongea taratibu. "Dada, mama yangu mimi alikuwa anajua. Yeye ndiye aliyepanga nguo kwenye begi."

Sijamuuliza kama ameendelea kusoma.