Mwanasheria Mkuu wa jimbo Nigeria: mwacheni barazani, mpunguzieni rungu

Nigeria ina majimbo 36, na kila gavana ana Mwanasheria Mkuu wake. Kifungu cha 195 cha Katiba ya 1999 kinamvisha mtu huyo kofia mbili: ni ofisa mkuu wa sheria wa jimbo, na papo hapo ni Kamishna wa Sheria, yaani waziri katika baraza la gavana. Gavana humteua, bunge la jimbo humthibitisha, na gavana akimchoka humwondoa. Pendekezo la kuzitenganisha kofia hizo limefika bungeni Abuja zaidi ya mara moja, na wanaolipigia debe wana hoja nzito.

Hoja yao inaanzia kifungu cha 211. Mwanasheria Mkuu anaweza kufungua kesi yoyote ya jinai chini ya sheria za jimbo, kuichukua iliyofunguliwa na mwingine, au kuifuta wakati wowote kabla ya hukumu. Katiba inamtaka azingatie maslahi ya umma, haki, na haja ya kuzuia mahakama isitumiwe vibaya. Nani humkagua kama amezingatia? Mwaka 1983, katika kesi ya Ilori, Mahakama ya Juu ilijibu kwamba si kazi ya mahakama. Jaji Kayode Eso alieleza kuwa katika kufungua na kufuta mashtaka ofisa huyu hana bwana juu yake. Akikosea, wa kumwajibisha ni aliyemteua, pamoja na hukumu ya wananchi. Basi mshtakiwa akiwa swahiba wa huyo aliyemteua, itakuwaje? Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na sijaona anayeijibu vizuri.

Hata hivyo, wanaotaka atolewe barazani humtazama upande wa jinai tu, na wanasahau kwamba Nigeria ni shirikisho. Jimbo likigombana na serikali ya shirikisho iliyoko Abuja, kifungu cha 232 kinaipeleka kesi moja kwa moja Mahakama ya Juu, na juu ya jalada huandikwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Shirikisho. Bila mtu mwenye uzito katika kiti hicho, jimbo ni mkoa tu wenye bendera.

Tazama Lagos. Katiba inalitambua jimbo hilo kuwa na serikali za mitaa 20. Gavana Bola Tinubu alizigawa zikafika 57, na mwaka 2004 Rais Olusegun Obasanjo, wa chama kingine, akaamuru fedha za serikali za mitaa za Lagos zizuiwe. Mwanasheria Mkuu wa Lagos wakati huo alikuwa Yemi Osinbajo, profesa wa sheria ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Makamu wa Rais. Shauri likaenda Mahakama ya Juu, na hukumu ya Desemba 2004 inafaa kusomwa polepole. Rais, ilisema, hana mamlaka ya kuzuia fedha za serikali za mitaa zilizotajwa katika Katiba. Lakini mgawanyo wa Tinubu nao, ingawa jimbo lilifuata hatua zake, haukuwa umekamilika mpaka Bunge la Taifa lipitishe sheria ya kuutambua.

Lagos ikashinda kwenye fedha, ikashindwa kwenye mipaka. Suala la fedha lenyewe halikwisha mpaka Obasanjo alipoondoka madarakani mwaka 2007. Hukumu peke yake hailipi hundi. Kuhusu mipaka, jimbo likabaki na zile 20 kikatiba, na zile 37 mpya likazifanya maeneo ya maendeleo chini ya sheria yake lenyewe. Yapo hadi leo. Kuichukua hukumu iliyokuangusha nusu na kuifanya sera inayotekelezeka ni kazi ya mwanasheria anayekaa meza moja na gavana. Angekuwa mtumishi wa ofisi ya pembeni, angeletewa jalada mambo yakiwa yameshaharibika. Ni katika kipindi hicho hicho cha Osinbajo Lagos ilipoanzisha ofisi ya kuwatetea mahakamani wasio na uwezo wa kuweka wakili, na jambo la aina hiyo huhitaji mtu wa kulipigania fungu lake la bajeti ndani ya baraza.

Kiti hicho hakimtetei mwananchi kila siku. Julai 2024 Lateef Fagbemi, Mwanasheria Mkuu wa Shirikisho, aliyeyashtaki majimbo yote 36, alipata hukumu kwamba fedha za serikali za mitaa zilipwe kwa serikali hizo zenyewe moja kwa moja, zisipite mikononi mwa magavana. Wanasheria wakuu wa majimbo walikuwa upande mbovu siku hiyo. Lakini waliusimamia hadharani, wakajibiwa na majaji, wakashindwa. Anayefuta kesi ya jinai hajibiwi na yeyote.

Wala kutenganisha ofisi peke yake hakutoshi. Tanzania ilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) ibara yake ya Katiba mwaka 2005, mbali na Mwanasheria Mkuu. Bado kila anayefuatilia mahakama zetu anaijua ile kauli ya wakili wa serikali: DPP hana nia ya kuendelea na kesi. Hakimu hana la kufanya zaidi ya kumwachia mshtakiwa, ambaye mara nyingine amekamatwa tena hata kabla hajafika getini. Kenya nayo ilitenganisha mwaka 2010, ila katika ibara ya 157 ikaongeza sentensi fupi: Mkurugenzi wa Mashtaka haruhusiwi kufuta kesi bila idhini ya mahakama. Kwa maoni yangu sentensi hiyo ina thamani kuliko ugawaji wote wa ofisi.

Nigeria ingeweza kuiweka ndani ya kifungu cha 211 na kuziacha kofia zilivyo. Kwa vyovyote vile, badiliko la Katiba linahitaji theluthi mbili ya kila chumba cha Bunge la Taifa, kisha mabunge 24 ya majimbo kati ya 36, na mengi ya mabunge hayo husubiri kusikia gavana anasemaje. Gavana ana mengi ya kusema mtu akitaka kumnyang'anya mwanasheria wake. Atapata tabu zaidi kueleza kwa nini mwanasheria huyo asimpe jaji sababu kabla ya kufuta kesi.