Mipangilio ya Dar, Baridi ya Mbeya

Nane Nane ikikaribia, ofisi za kuprinti mabango hapa Mbeya zinajaa kazi, na lawama ni zilezile: rola za siku hizi (malighafi ya kuprintia) feki, wino umechakachuliwa, mashine imechoka. Feki zipo, sikatai. Ila ukifungua programu ya RIP, inayotafsiri picha kuwa amri za printa, mara nyingi unakuta mipangilio ya aina moja tu, imeandikwa "Banner", na ndiyo inayotumika kwa fleksi (plastiki ya mabango), stika na hata kanvasi. Aliiacha fundi aliyefunga mashine, naye alikuja nayo kutoka Dar.

Hapo ndipo ninapobishana na wenzangu. Mchele mpya wa Kyela na wa mwaka jana haupikwi kwa maji sawa, na hilo kila mtu hapa analijua. Kwa nini fleksi ya gramu 440 kwa mita ya mraba na stika zipikwe kwa hita moja?

Mji huu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kazi za Nane Nane zinaangukia Julai, kwenye baridi yenyewe. Printa nyingi za eko-solventi, ambazo wino wake hukaushwa kwa hita, zinataka chumba chenye nyuzi 20 au zaidi. Asubuhi ya Julai, chumba cha nyuma kisichoingia jua hakifiki huko. Rola iliyolala kwenye sakafu ya saruji inapita kwenye hita ya mwanzo, inayopasha kabla ya kuprinti, bado baridi, wino unachelewa kushika, rangi nzito inafanya madoadoa na herufi ndogo zinavimba. Opereta anapandisha hita mpaka 50. Saa saba mchana chumba kimepata joto, stika inainuka mawimbi, hedi inayomwaga wino inaikwangua. Kisha inalaumiwa rola.

Rola ilale juu ya meza, ndani ya chumba cha mashine, tangu jana yake. Hilo halina gharama.

Kwenye mipangilio yenyewe, nakili ile inayokaribiana na malighafi yako, ipe jina jipya, usiguse ya asili. Weka joto kwanza. Hita zikishapata moto ndipo upime fidi, yaani urefu ambao rola inasogezwa kila pasi (hedi inapopita mara moja), kwa sababu malighafi ya moto haivutiki sawa na ya baridi. Printi kipande cha rangi moja, kijivu ni kizuri, ukitazame kwa karibu. Mistari myeupe inamaanisha rola inasogezwa kupita kiasi. Mistari iliyokolea, inasogezwa pungufu. Rekebisha kidogo kidogo. Nimeona watu wakitibu mistari hii kwa kuongeza wino, na sijawahi kuelewa walitegemea nini.

Kisha kikomo cha wino. Rangi nne zikimwagwa zote kamili ni asilimia 400, na fleksi nyepesi haibebi mzigo huo. Printi ngazi za wino kuanzia chini kwenda juu, tafuta pale wino unapoanza kutambaa, urudi nyuma hatua moja. Profaili ya ICC, faili linalosahihisha rangi, inakuja mwisho, juu ya hayo yote. Ukibadili idadi ya pasi au kikomo cha wino baada yake, usishangae njano ya nembo ya mteja ikigeuka haradali.

Mabosi wananiambia majaribio yanakula rola na hita zinakula LUKU. Ni kweli, mita moja au mbili zitakwenda. Bango la mita sita lililokataliwa na mteja linakwenda na zaidi.

Pasi nazo zifuate kazi. Bango la Uyole linalosomwa kutoka kwenye basi halihitaji pasi nyingi kama stika ya dirisha la duka la dawa, kwa hiyo malighafi moja inaweza kuwa na mipangilio miwili. Mimi ningeongeza hata wa tatu, wa Juni hadi Agosti, wenye hita ya mwanzo juu kidogo. Wapo wanaonicheka kwa hili. Wengi wao wako Dar, sijasikia aliye Makete kwenye baridi kali akicheka.

Jina la mipangilio libebe uzito wa malighafi, duka ilikonunuliwa, idadi ya pasi na mwezi. Kisha ifungwe kwa neno la siri. Opereta wa zamu aachiwe fidi peke yake, maana hiyo hubadilika hata rola mbili zikitoka boksi moja.