Kipimo cha haraka kiende zizini

Mbuzi anatokwa na kamasi, macho yana tongo, anaharisha na kuhema kwa shida. Huenda ni sotoka ya mbuzi na kondoo, inayoletwa na virusi. Huenda pia ni homa ya mapafu, ambayo huletwa na bakteria na inatibika kwa antibiotiki. Hata daktari mzoefu wa mifugo anaweza kukosea akitegemea macho tu. Basi sampuli inachukuliwa, inawekwa kwenye boksi la barafu na kusafirishwa hadi maabara ya mbali. Majibu yanaporudi, kundi limeshakunywa maji na makundi mengine na baadhi ya wanyama wameshapelekwa mnadani.

Ndiyo maana naamini vipimo vya haraka vya magonjwa ya virusi vinapaswa kuwa mikononi mwa wahudumu wa afya ya mifugo walio karibu na mazizi, visikae kabatini vikisubiri mtaalamu afike. Kila hoja hii inapotolewa, hujibiwa kwamba vipimo hivyo havina uhakika wa maabara. Ni kweli havina. Kipimo cha utepe hunasa vipande vya virusi kwa kingamwili zilizowekwa kwenye karatasi maalumu, na mstari hutokea ndani ya dakika chache. Virusi vikiwa vichache mwilini, mstari hauonekani. Kipimo cha maabara kiitwacho PCR huzidisha vinasaba vya virusi mara nyingi sana, kwa hiyo hugundua hata kidogo kilichopo.

Lakini zizini hakuna PCR. Kilichopo ni kubahatisha, pamoja na sindano ya antibiotiki isiyofanya lolote kwa virusi. Utepe ulinganishwe na hali hiyo.

Tena mifugo haiugui mmoja mmoja. Tuseme kipimo kinagundua wanyama 7 kati ya 10 wenye maambukizi. Kwa mnyama mmoja, hicho ni kipimo dhaifu. Ukipima watatu wanaoonyesha dalili katika kundi lilelile, na kosa la mmoja lisitegemee la mwenzake, uwezekano wa kuwakosa wote watatu ni chini ya 3 katika 100. Swali la mhudumu ni kama ugonjwa umeingia kundini, na kwa swali hilo kipimo dhaifu kinakuwa na nguvu ya kutosha kufunga lango siku hiyohiyo.

Siku hiyohiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ng'ombe mwenye ugonjwa wa miguu na midomo huambukiza wenzake kwa wastani wa siku 1.7 tu, na kwa wastani huanza nusu siku baada ya dalili kuonekana. Sampuli iliyo njiani kwa siku tatu imeshachelewa kwa mnyama huyo. Nchi hiyohiyo ilionja uchungu wa kuchelewa mwaka 2001: ugonjwa ulipogunduliwa, kondoo walikuwa wameshausambaza kupitia minada, na mwishowe wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa.

Sotoka ya ng'ombe, iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ilimalizwa hasa na chanjo. Hata hivyo, kabla ya hapo kilikuwepo kipimo cha utepe kilichotumia machozi ya ng'ombe, hapohapo alipofungwa. Sasa lengo la dunia ni kutokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo ifikapo 2030. Sioni lengo hilo likifikiwa ikiwa kila mbuzi anayeharisha mbali na mji atasubiri gari la sampuli.

Maabara itabaki na kazi yake. Virusi vya miguu na midomo vina aina 7, na chanjo ya aina moja haikingi dhidi ya nyingine, kwa hiyo lazima aina ijulikane. Jibu hasi la utepe nalo lisitumike kamwe kama kibali cha kuuza. Mnyama mwenye dalili abaki ametengwa hadi maabara iseme.

Kinachonitia hofu zaidi ni jibu chanya. Mfugaji wa nguruwe akiona mstari wa homa ya nguruwe ya Afrika, anajua hakuna dawa na kwamba kundi lote litauawa. Kama hana uhakika wa kulipwa, atauza usiku huohuo, na virusi hivyo hudumu muda mrefu ndani ya nyama. Hapo kipimo kitakuwa kimeharakisha maambukizi. Siwezi kumlaumu mfugaji huyo, kwa sababu nguruwe wale ndio ada ya shule ya watoto wake. Kwa hiyo mpango wowote wa kugawa vipimo usioeleza fidia italipwa na nani, kiasi gani na ndani ya siku ngapi, mimi siuungi mkono, hata kama vipimo vyenyewe vinatolewa bure.