Ua la plastiki tuliache sebuleni nyumbani, huku Ujerumani tuweke ua la Usambara dirishani

Tanga, Mombasa au Unguja hakuna anayengoja msimu ili aone ua. Bogenvilia inamwagika ukutani mwaka mzima, yasmini inafunguka magharibi na kunukia hadi barazani, na anayetaka kikuba hukipata siku hiyo hiyo. Kwa hiyo lile ua la plastiki juu ya kabati la sebuleni lina udhuru wake: ni pambo tu, maua yenyewe yako mlangoni.

Huku Ujerumani tumelihamisha pambo lile lile, na hapo ndipo tunapokosea. Jalidi ya kwanza ikishuka, mara nyingi Oktoba, dalia za uani huwa nyeusi kwa usiku mmoja. Desemba mjini Hamburg jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kufikia saa kumi na robo jioni limeshazama. Kukaa miezi yote hiyo na plastiki yenye vumbi ni kujinyima bure, na linalouma zaidi ni kwamba ua linalofaa kuliko yote kwa dirisha la baridi ni la kwetu.

Wajerumani huliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa ukoloni wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la kitaalamu Saintpaulia ionantha. Siku hizi linauzwa hata dukani penye mchele na sabuni, kwa euro chache, nasi tunalipita tukidhani ni ua la mabibi wa Kizungu. Wakati huohuo jamaa zake wa mwituni, Usambara na hata milima ya Taita, wanapungua kadiri misitu inavyokatwa.

Ukijua linakoota, utajua namna ya kulitunza. Huota juu ya miamba iliyofunikwa na vimea vya kijani vya mahali penye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa, mara nyingi karibu na vijito: udongo kidogo, unyevu usiotuama, mwanga usiochoma, joto la wastani. Nyuzi 18 hadi 24 zinalitosha, na hilo ndilo joto la sebule yoyote huku. Kwa upande huu nyumba za Ulaya zinalifaa kuliko nyumba nyingi za Dar es Salaam, na ni haki tuseme hivyo.

Kinacholiua hasa ni maji. Mizizi ikishaoza haiwezi kunywa, basi majani hulegea ilhali udongo umelowa. Mtu akiyaona hudhani ni kiu, anaongeza maji, na wiki moja baadaye kitovu chote kimekuwa uji. Gusa udongo kwanza. Mwagilia pale tu juu panapokuwa pakavu. Weka chungu kwenye sahani yenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 30, kisha mwaga yaliyobaki. Maji baridi ya bombani yakidondoka juu ya majani huacha madoa meupe yasiyofutika, maana chembechembe za jani hufa kwa mshtuko wa baridi. Maji ya miji mingi huku yana chokaa nyingi, na chumvi hujikusanya ukingoni mwa chungu. Kikonyo kinacholalia ukingo huo huoza. Maji ya mvua ni bora zaidi.

Chungu kiwe kidogo, upana wake theluthi moja ya upana wa majani. Chungu kikubwa hubaki na maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kunywa, na mmea hutumia nguvu kujaza udongo kwa mizizi badala ya kuchanua. Changanya udongo mwepesi wa maua na perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi, kwa kiasi cha theluthi moja hadi nusu.

Dirisha la huku lina mitego yake. Hita huwa chini yake, hewa kavu inapanda na vitumba vinakauka kabla ya kufunguka. Panga kokoto kwenye sinia, tia maji yasifike juu yake, weka chungu juu ya kokoto. Jiwe la dirisha nalo ni baridi usiku. Kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa, chini ya sinia kinaokoa mizizi. Halafu ile desturi ya kufungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi kila asubuhi ili kubadilisha hewa: ni desturi nzuri, lakini ondoa ua kwanza. Na bakuli la ndizi mbivu likae mbali, kwani gesi yake hupukutisha maua.

Toka Novemba hadi Februari dirisha la kusini ni salama kwa sababu jua ni dhaifu. Machi lihamishie la mashariki kabla majani hayajapauka. Vikonyo virefu vinavyojinyoosha vinaomba mwanga. Taa ya LED nyeupe, sentimita 30 juu yake, saa 12 kwa siku, inaleta maua hata Januari. Usiku izime, linahitaji giza kwa muda wa saa nane. Mbolea ya maji iwe robo ya kipimo cha kwenye chupa. Ikizidi naitrojeni utapata majani manene bila ua hata moja.

Moja likishashika, hakuna haja ya kununua jingine. Machi kata jani zima la mzunguko wa kati, kikonyo kikatwe mshazari na kubaki sentimita tatu, kichomeke kwenye perlaiti yenye unyevu na funika kwa mfuko angavu. Mizizi hutoka kwa takriban mwezi mmoja, vichipukizi kwa miezi miwili hadi mitatu. Vikiwa na majani ya ukubwa wa sarafu, vitenganishe, kila kimoja chungu chake, na kimoja mpe jirani. Vikitunzwa vizuri, vitumba vya kwanza vitatokea baridi inaporudi.